Mama Kati ya Depo na Watoto Wake

Hotuba iliyosomwa kwa jina la wamama wenye biashara, siku ya jamaa, katika sikukuu za Yubilei ya parokia yetu



Tulipoombwa kusema mbele yenu leo, tuliambiwa kwamba kichwa cha hotuba kitakuwa «Mama mfanyabiashara na maendeleo ya parokia». Tunashukuru kwa heshima hiyo. Tunajua namna mambo yalivyopangwa: tutaje mifuko ya simenti tuliyoitoa wakati wa kujenga upya sakristia, tutaje mabati, tutaje viti hivi mnavyovikalia, kisha ninyi mpige makofi na sisi tukae. Mambo yale yataandikwa katika kitabu cha Yubilei, na walioshika hesabu hawatasahau hata mfuko mmoja. Basi, kwa ruhusa yenu, tumebadilisha kichwa. Tutasema juu ya jambo ambalo halikuandikwa katika kaye yoyote, maana sisi wenyewe tulilificha: ni nini kinachopita moyoni mwa mama anayeongoza biashara, na wakati uleule analea watoto.

Tuko wamama 14. Tunauza unga, vitenge, mafuta, samaki wa kukauka, simenti. Mmoja wetu ana mashini mbili za kusaga mahindi, mwingine ana kamyo, mwingine ana meza tatu sokoni na vijana wa kuziangalia. Wenye kutumika kwetu ni wawili kwa huyu, kumi kwa yule. Watoto, tukiwahesabu pamoja na yatima wa ndugu zetu, wanapita 80. Hotuba hii tuliitunga pamoja kwa jioni nne, na mahali pengine tuligombana. Mtakaposikia «sisi», mara nyingine ni wote, mara nyingine ni mmoja tu ambaye hakupenda ajulikane. Tunawaomba msihangaike kutafuta ni nani.

Wengi wetu hatukuchagua biashara. Tulizaliwa katika makambi ya wafanyakazi, wakati kazi ya mgodi ilipokuwa baba na mama wa kila mtu. Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilimpa mfanyakazi mshahara, nyumba, posho ya unga, matunzo ya wagonjwa na masomo ya watoto. Gécamines, iliyoshika mahali pake baada ya mwaka 1967, iliendelea kwa njia ileile muda mrefu. Katika fwaye, mama zetu walifundishwa kushona, kupika, kuosha mtoto mchanga. Hakuna aliyewafundisha namna ya kudai deni, kwa sababu hakuna aliyewaza kwamba siku moja mama ndiye atakayedai.

Mwaka 1986 Gécamines ilitoa tani zaidi ya 470000 za shaba. Mwezi wa Septemba 1990 mgodi wa Kamoto ulianguka. Mwaka 1994 shaba iliyotoka haikufika hata tani 40000. Ninyi mlioishi miaka ile mnajua ni kitu gani kilijaa kati ya hesabu hizo mbili: uporaji wa mwaka 1991, feza iliyooza mkononi, mpaka mwaka 1993 zaire mpya moja ikabadilishwa kwa zaire 3000000 za zamani, na katika mji wote waume waliorudi nyumbani mwezi baada ya mwezi na mikono mitupu. Kisha, kuanzia mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10000 wa Gécamines waliacha kazi katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, uliosaidiwa na Banki ya Dunia. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu, wa Universite ya Lubumbashi, alitoa mwaka 2001 kitabu juu ya jamaa za wafanyakazi wa Katanga, na jina la kitabu ni Bana Shaba abandonnés par leur père, maana yake watoto wa shaba walioachwa na baba yao. Sisi tuliposikia jina hilo, tuliona kwamba kwetu baba walioondoka ni wawili. Wa kwanza ni kampuni. Wa pili alikuwa bado ameketi sebuleni, katika kiti chake, lakini hakuwa anasema tena.

Ndivyo ilivyoanza. Meza ndogo mbele ya mlango, sukari katika vifuko vya nailoni, mafuta katika vichupa. Halafu gunia moja la unga lililopimwa kwa meka. Halafu safari ya Kasumbalesa, kilometa 90 hivi, juu ya kamyo ya mtu mwingine, na feza imefungwa kiunoni. Halafu depo, mlinzi wa depo, karani wa depo. Hakuna siku ambayo mtu alikuja kutuambia: tangu leo ninyi ni wakubwa wa kazi. Siku moja mtu anakuja kuomba kibarua, unageuka nyuma kumtafuta mwenye kuombwa, kumbe ni wewe.

Jambo la kwanza tulilolificha ni hilohilo, kwamba sisi ndio tuliokuwa tunalisha nyumba. Tuliwaficha jirani, na tulijaribu kuwaficha hata watoto. Mmoja wetu, miaka mingi, alikuwa akiweka feza ya minervali chini ya kitambaa cha meza usiku, ili asubuhi baba aitoe mwenyewe mbele ya watoto na kusema: «Shikeni, mkasome vizuri.» Watoto walishukuru, baba alikohoa, mama alikuwa jikoni akijifanya hasikii. Katika jioni zetu nne tuligombana sana juu ya kitambaa kile. Wengine walisema ni uongo. Wengine, nao ndio wengi, walisema ni heshima, na ya kwamba mtu aliyepoteza kazi asipoteze na watoto. Lakini mama yule alitumalizia habari. Mtoto wake wa tatu, alipokuwa mtu mzima, alimwambia: «Mama, tulijua. Sisi ndio tuliokuwa tunakinyoosha kitambaa kila asubuhi, nkambo asije akaona.» Hivi, mama alikuwa anaficha, baba anaficha, na watoto wa miaka minane nao walikuwa wamekwisha kujifunza kuficha.

Tusisahau pia kwamba sheria yenyewe ilitaka tuwe nyuma. Sheria ya Jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987, katika kifungu cha 448, ilisema kwamba mwanamke wa ndoa hawezi kujifunga katika mapatano ya kazi bila ruhusa ya bwana wake. Ilibadilishwa kwa sheria ya tarehe 15 Julai 2016, na sasa mume na mke wanapaswa kupatana. Miaka 29 ile, mama mwenye kuwalipa watu kumi mshahara alifika mezani kwa mtu na karatasi iliyotiwa sahihi na bwana, kama mtoto anayeleta barua ya ruhusa masomoni. Mabwana wengi walitia sahihi bila neno. Lakini mama alipaswa kuomba jioni, akichagua saa nzuri, akipika kwanza kitu kizuri. Uchovu wa kuchagua saa nzuri hauingii katika hesabu ya faida na hasara.

Sasa tuseme juu ya uso.

Mfanyabiashara ana uso wa soko. Haujatokana na kiburi, ni chombo cha kazi, kama balansi. Wenye kutukopesha, siku wanapoona tumetikisika, hawangoji tarehe: wanakuja wote siku moja, na biashara ambayo ingalipona kwa miezi mitatu inakufa kwa siku moja. Vijana wa depo wakiona tunaogopa, aliye mwema anatafuta mahali pengine, na asiye mwema anaanza kupunguza magunia. Kwa hiyo, tunafunga uso. Mwezi wa Agosti 2024, Zambia ilipofunga mpaka wa Kasumbalesa siku chache kwa sababu ya ugomvi wa bidhaa kati ya serikali mbili, mzigo wa mmoja wetu ulikuwa upande wa pili, na deni lilikuwa la kulipwa Ijumaa. Mlimwona siku ile ya Jumapili. Alisoma somo la pili hapa kanisani, akasoma vizuri. Baada ya Misa mmoja wenu alimwambia: «Mama, biashara inakwenda vizuri, uso unang'aa.» Alikuwa hajalala tangu juzi.

Shida haiko sokoni. Shida inaanza saa ya kurudi nyumbani, maana uso ule haufunguki kama kitenge. Mtoto anakuja mbio na kaye yake: «Mama, angalia, nimepata nane juu ya kumi!» Nasi tunaangalia kwa macho yaleyale tuliyoyatumia mchana kuangalia noti za bandia. Tunamwuliza: «Na mbili zimekwenda wapi?» Tunacheka kidogo, tunafikiri tumefanya mchezo. Yeye anafunga kaye. Mara ya kumi hailete tena.

Na kuna mambo ambayo hata tukitaka kuyaleta nyumbani hatujui tuyaseme kwa maneno gani. Kumfukuza mtu kazi, kwa mfano. Mmoja wetu alikuwa na karani wa miaka sita. Walisali katika shirika moja, na watoto wao walipokea Komunyo ya kwanza siku moja. Alikuta magunia 11 yamepungua. Karani hakukana. Alisema mtoto wake alikuwa hospitali, aliogopa kuomba kwa sababu mwezi ule mama alikuwa mkali. Mama alimwachisha. Ndiyo, alimwachisha, maana vijana wengine wote walikuwa wanatazama. Usiku ule alikuta mtoto wake wa mwisho ana homa, akampa dawa, akakaa karibu naye, na akili yake yote ilikuwa katika nyumba ya karani, kwa mtoto yule mwingine. Mpaka leo hatukupatana kama alifanya vema. Tunachojua ni kwamba alibeba neno lile miaka minne bila kumwambia mtu, hata padri, kwa sababu, alivyosema, hakujua kama ni zambi au ni kazi.

Tunafika sasa katika habari ambayo ndiyo iliyotufanya tubadilishe kichwa cha hotuba. Mwenyewe ametupa ruhusa, na binti yake vilevile.

Mama huyu ana watoto watano. Wa kwanza ni binti, na wakati ule alikuwa na miaka 14. Ninyi mnajua maana ya kuwa yaya katika nyumba ambayo mama anatoka saa kumi na moja ya asubuhi na kurudi usiku. Yaya ndiye anayeamsha, anayeosha, anayegawa chai, anayejua kiatu cha nani kimepasuka. Kulikuwa na msichana wa kusaidia kazi, mwenye kumwangalia mtoto mchanga. Msichana yule akaondoka bila kuaga, kwa mambo yake. Ilikuwa mwezi mbaya sana wa biashara; feza ya Zambia ilikuwa imepanda, na mama alikuwa anachukua unga kwa deni na kuuza karibu bila faida, kwa kusudi la kutopoteza wanunuzi.

Binti alinyamaza. Asubuhi alivaa inifomu kama kawaida, mama akamwona amevaa, akaondoka. Mama alipogeuka pembeni ya barabara, binti aliivua inifomu, akaikunja vizuri, akambeba mtoto mgongoni. Saa saba aliivaa tena, ili wadogo wake waliporudi wamkute hivyo, na jirani wasiulize. Jioni mama aliporudi na kuuliza juu ya msichana wa kazi, aliambiwa amekwenda dukani, amekwenda kwao kidogo, amelala. Mama hakuuliza mara mbili. Alikuwa anahesabu.

Ilikuwa hivyo kwa majuma sita. Majuma sita, wakristu wapenzi! Mama huyu, ungalimwamsha usiku wa manane, angalikuambia kwamba katika depo kuna magunia 214, manne kati yao yamelowana, na fulani anadaiwa dola 35 tangu mwezi uliopita. Hakujua kwamba mtoto wake haendi masomo.

Alijua kwa njia hii. Mwalimu wa darasa alikuja kununua unga. Mtu mpole, alingoja watu wapungue, ndipo akauliza: «Mama, mgonjwa wetu anaendeleaje?» Mama akafikiri anauliza juu ya bwana wake, ambaye alikuwa na presha, akajibu: «Anaendelea vizuri, tunamshukuru Mungu.» Mwalimu akasema: «Basi, arudi mbele ya mitihani, maana alikuwa wa pili.» Mama alimpimia unga mpaka mwisho. Alimrudishia feza yake, hesabu kamili. Alimwambia asante. Uso wa soko haukuanguka, na hilo ndilo linalomtisha mpaka leo, kwamba haukuanguka.

Alifunga depo saa tisa, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya kumzika mama mkwe. Alifika nyumbani, akamkuta binti na mtoto mgongoni, anatwanga sombe. Alimpiga. Tulisema tutasema ukweli, na ukweli ni kwamba alianza kwa kumpiga, mtoto mchanga akiwa bado mgongoni analia. Binti hakukimbia. Alipoulizwa: «Ulitaka nini? Kwa nini hukuniambia?», alijibu maneno ambayo mama aliyaandika baadaye katika jalada la kaye ya madeni, ndani, mahali pasipoonekana: «Niliona unahesabu usiku, nikaogopa kuongeza.»

Kuongeza. Mtoto alijiona kama deni. Alikuwa amesoma uso wa mama yake vizuri kuliko wadai wote wa soko, na bila kuambiwa neno alijifuta mwenyewe katika hesabu ili hesabu itoshe.

Wengi kati yetu, mama yule alipotusimulia, tulinyamaza kwa sababu kila mmoja alikuwa anatafuta kwake. Mwenye mashini za kusaga alikumbuka mwanawe aliyeficha jino bovu mpaka shavu likavimba. Mwingine alikumbuka kwamba watoto wake hawamwombi kitu siku za Jumatatu, na hakujua sababu; aliporudi nyumbani akauliza, wakamwambia: «Jumatatu ndiyo siku ya wenye deni.» Watoto wana kalenda yao, nasi hatukujua.

Watu wanasema kwamba mama wa biashara anawaacha watoto. Tumelisikia neno hilo hata katika uwanja wa kanisa hili. Tunajibu kwa heshima: kutokuwako nyumbani ni shida, hatukatai, lakini watoto wanaweza kumngoja mama anayejulikana yuko wapi na atarudi saa ngapi. Kinachowaumiza zaidi, tulivyoona kwetu, ni mama aliyerudi bila kurudi. Ameketi, anakula bukari pamoja nao, na hawajui kama amekasirika, kama anaogopa, kama ni wao waliokosa. Kwa kuwa hatuwaambii, wanachagua wenyewe, na mtoto akichagua anachagua daima kwamba kosa ni lake.

Halafu tunalipa. Tunaleta biskuti, viatu, simu. Mmoja wetu alisema wazi kwamba kila safari aliyokawia alikuwa na bei yake: siku mbili ni soda na mkate, juma moja ni nguo. Watoto si wajinga, walijifunza bei. Leo wawili kati yao wako mbali, mmoja Lusaka na mmoja Afrika ya Kusini, wamefaulu, wanapiga simu. Wanaanza kwa kusema: «Mama, unahitaji feza ngapi?» Hivyo tu. Anatuma feza, anakata. Mama anasema feza inafika sawasawa na hawezi kulaumu, maana ndiyo lugha aliyowafundisha.

Hapa tungependa kusema neno kwa wababa. Katika kitabu cha Mezali, sura ya 31, kuna mama tunayesomewa kila mara katika sikukuu za wamama, na kila tarehe 8 Machi tunaposhona kitenge cha namna moja. Ananunua shamba, anaona kwamba biashara yake ni nzuri, na taa yake haizimiki usiku. Tunampenda mama yule. Lakini tangu tulipokuwa wasichana hatujasikia mtu akieleza ni kwa nini taa ile haizimiki. Sisi tunajua. Anahesabu. Na bwana wake, imeandikwa, anajulikana mlangoni mwa mji, anapoketi pamoja na wazee. Vema. Wababa mnaoketi na wazee, mkirudi, ulizeni ile taa. Wako wababa wanaouliza, nasi tunawajua. Mmoja yuko hapa, aliyeacha kiti cha sebuleni akashika kazi ya kuamsha watoto na kuwapeleka masomo, na vijana wa mtaa wakamcheka mwaka mzima. Hatutamtaja, angaliona haya. Lakini watoto wa nyumba ile wanacheka kwa sauti wakati wa kula, na anayepita barabarani anawasikia.

Tulianza kitu kidogo. Tunacheza likelemba kila Jumamosi ya pili ya mwezi. Siku moja mwenzetu alikuja bila fungu lake, akaanza kueleza, akashindwa, akalia. Tuseme wazi: tulikasirika. Ilikuwa zamu ya mwingine kupokea, naye alikuwa amekwisha kuahidi feza ile mahali pengine. Tulizozana mpaka jua likashuka. Ni katika maneno ya kuzozana ndipo mambo ya nyumbani yalipoanza kutoka, ya huyu, ya yule, na usiku ule hakuna aliyehesabu feza. Tangu hapo tumekata neno: saa ya kwanza feza haitolewi mfukoni. Kila mmoja anaweza kusema kinachomtisha, na kinachosemwa hakitoki kwenda sokoni. Mara moja kilitoka. Wadai wakakimbilia kwa mwenzetu, akapoteza kapitali karibu yote, akatuacha. Alikuwa na haki. Tulikwenda kwake mara tatu; mara ya tatu alitupa maji ya kunywa, lakini hakurudi.

Nyumbani pia tunajaribu. Tumejifunza kuwaambia watoto kwa kipimo chao. Si hesabu yote, maana mtoto wa miaka saba hapaswi kubeba deni la depo. Tunasema: «Mwezi huu biashara inaumwa. Chakula kitakuwako. Mama anaogopa kidogo, na ninyi hamkukosa kitu.» Mara ya kwanza maneno hayo ni magumu kuliko kumwomba mdai siku nane zaidi. Mmoja wetu aliyafanyia mazoezi katika depo, peke yake, mbele ya magunia. Watoto wake walipoyasikia, mdogo aliuliza: «Inaumwa wapi?» Wakacheka wote. Kwa mwingine hayakusaidia kitu, kijana wake wa miaka 17 alisimama, akasema: «Leo ndiyo unatuambia?», akatoka. Bado anangoja kijana huyo aketi tena.

Baba Paroko, tuna maombi mawili. La kwanza ni juu ya saa. Mafundisho ya wazazi yanawekwa saa kumi ya jioni siku za juma, saa ambayo soko limejaa. Halafu tunatangazwa kanisani kwamba hatuji. Yawekwe Jumapili baada ya Misa ya kwanza, tutakuja. La pili: mnapotutembelea katika depo, tunajua mara nyingi ni kwa mfuko wa ujenzi, na hatukatai kutoa. Lakini siku moja mje bila kaye ya michango, mkae juu ya gunia, mtuulize watoto wanaitwa nani.

Binti tuliyemsema yuko hapa katikati yenu. Alirudi masomo, alirudia mwaka, akamaliza. Ndiye aliyeandika hotuba hii kwa mashini, usiku wa jana na juzi, na mama yake alikuwa ameketi karibu naye akimsomea. Kulikuwa na mstari uliosema kwamba amekwisha kumsamehe mama yake. Alipoufikia aliacha kupiga, akasema: «Huo nitauandika mwenyewe, mama, siku yake ikifika.» Akaufuta, akaendelea na mstari uliofuata.